Siku ya Kwanza ya Mgeni: Ibn Battuta katika Miji ya Pwani Yetu

  

Barabara inayopita jirani na Keko na kuelekea kusini inaitwa Barabara ya Kilwa. Watu wengi huitumia kila siku kwenda Mtoni, Mbagala na mbele zaidi, na jina hilo limekuwa kama jina la kituo tu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Kilwa hiyo ilikuwa na Sultani, makadhi na msikiti wa Ijumaa uliojaa watu, na kwamba mwanachuoni kutoka mwisho wa Maghribi alifika huko karibu miaka mia saba iliyopita, akakaa, akaona, kisha akaacha habari zake kwa maandishi.

Mwanachuoni huyo ni Ibn Battuta. Safari yake ya pwani yetu imetajwa mara nyingi katika vitabu vya shule, lakini hutajwa kwa haraka: alipita Mogadishu, akalala Mombasa, akafika Kilwa. Katika makala hii hatukusudii kuisimulia safari yote. Tunataka kuangalia jambo moja ambalo yeye mwenyewe amelieleza kwa urefu kuliko mengi mengine, nalo ni mapokezi: mgeni aliposhuka chomboni, nani alimpokea, alipelekwa wapi, alipewa nini na kwa utaratibu gani. Mwenyeji huujua mji wake kwa miaka mingi. Mgeni huujua kwa saa za kwanza, na mara nyingi saa hizo humuonesha mambo ambayo mwenyeji ameyazoea hata hayaoni tena.

MSAFIRI NA KITABU CHAKE

Jina lake kamili ni Abu Abdillah Muhammad bin Abdillah al-Lawati at-Tanji. Alizaliwa Tanja (Tangier), katika nchi ya Morocco, mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria (1304 Miladia), katika ukoo wa watu wa elimu na ukadhi. Alitoka kwao Rajab 725 (1325), akiwa na miaka ishirini na miwili kwa hesabu ya miezi ya Kiislamu, nia yake ikiwa Hija na kumzuru Mtume (s.a.w.). Safari hiyo ya ibada ikazaa nyingine, na hakurudi kwao ila baada ya karibu miaka ishirini na minne.

Mwaka 756 Hijria (1355), kwa amri ya Sultani Abu Inan wa Morocco, aliyasimulia aliyoyaona, na katibu Ibn Juzayy al-Kalbi akayaandika na kuyapamba. Kitabu hicho ndicho kijulikanacho kwa jina la Rihla.

Mwanafunzi wa elimu lazima ajue mambo mawili kabla ya kukitumia. Kwanza, mzee huyu alikuwa akisimulia kwa kumbukumbu mambo yaliyopita zaidi ya miaka ishirini. Pili, kalamu haikuwa yake. Hata zama zake wako waliomtilia shaka, na Ibn Khaldun amelitaja jambo hilo katika Muqaddima yake alipozungumzia habari za India ambazo watu wa Fas walizikataa. Basi tumpime kama tunavyofundishwa kumpima mpokezi: alichokishuhudia kwa macho yake kina daraja yake, na alichokisikia kwa wengine kina daraja yake. Nguo aliyovikwa na chakula alichokula ni ushahidi. Umbali wa miji ambayo hakuifika ni habari ya wafanyabiashara.

Baada ya Hija ya mwaka 730 alikwenda Yemen, akafika Adeni, kisha akavuka bahari kuja Afrika. Hesabu iliyo mashuhuri inaweka safari yake ya pwani yetu mwaka 731 (1331), na wako wanahistoria wanaoirudisha nyuma kidogo.

ZAILA: MJI ALIOUKIMBIA

Mji wa kwanza aliofikia upande huu wa bahari ni Zaila, kwenye pwani ya Wasomali. Anasema ni mji mkubwa wenye soko kubwa, kisha hapo hapo anaueleza kuwa ni mchafu kupita miji yote na unanuka vibaya mno. Sababu anaitaja: wingi wa samaki, na damu ya ngamia waliokuwa wakichinjwa vichochoroni. Bahari ilikuwa imechafuka usiku ule, na pamoja na hayo yeye na wenzake wakachagua kulala chomboni kuliko kulala mjini.

Hiyo ndiyo habari ya Zaila. Huenda walikuwamo wachamungu na wanachuoni, lakini mgeni hakuwafikia. Harufu ya kichochoroni ilimzuia mlangoni. Maulamaa wetu wanapofungua vitabu vya fiqhi kwa mlango wa twahara, tusidhani kuwa mlango huo unamhusu mtu mmoja mmoja katika udhu wake tu. Mji nao una twahara yake.

MOGADISHU: MGENI WA KADHI

Kutoka Zaila walisafiri baharini siku kumi na tano, wakafika Mogadishu. Anaueleza kuwa ni mji mkubwa sana, watu wake wafanyabiashara wenye ngamia na kondoo wengi, na una nguo zinazofumwa hapo na kuitwa kwa jina la mji, zikisafirishwa mpaka Misri.

Kisha anaeleza desturi yao. Chombo kikifika bandarini, kwanza sambuku ya Sultani hukiendea ili kuuliza: kimetoka wapi, ni cha nani, nahodha ni nani, kimebeba nini, na ni wafanyabiashara gani waliomo. Halafu huja vijana wa mji kwa vyombo vidogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule haendi nyumba nyingine ila ya mwenyeji wake, isipokuwa kama ni mzoefu wa mji na anawajua watu wake. Mwenyeji ndiye humuuzia bidhaa na kumnunulia.

Basi kijana mmoja akamfikia Ibn Battuta. Wenzake wa safari wakamwambia kuwa mtu huyu si mfanyabiashara, ni faqihi. Kijana yule akawaita wenzake na kuwaambia kuwa huyu ni mgeni wa Kadhi. Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo lilivyokuwa wazi kwao. Hakuna aliyejadili wala aliyeuliza nani atabeba gharama. Mwenye bidhaa ana mlango wake, na mwenye elimu ana mlango wake, na kijana wa bandarini anaijua milango yote miwili.

Kadhi akapelekewa habari, akaja ufukweni pamoja na wanafunzi wake. Alikuwa akijulikana kwa jina la Ibn al-Burhan, asili yake Misri. Ibn Battuta akashuka, wakasalimiana, na Kadhi akamtaka waende kwanza kumsalimia Sheikh. Mgeni akauliza Sheikh ni nani, akajibiwa kuwa ni Sultani, maana watu wa mji ule humwita Sultani wao kwa jina hilo. Mgeni alikuwa amechoka kwa siku kumi na tano za bahari, akasema atakwenda akishapata pa kufikia. Kadhi akamjulisha kuwa desturi ni faqihi, sharifu au mtu mwema akifika asifikie popote mpaka amuone Sultani.

Sultani huyo alikuwa Abu Bakr bin Sheikh Umar. Lugha yake ilikuwa lugha ya mji, na Kiarabu alikijua. Walipofika mlangoni, mtumishi akatoka, na Kadhi akamtuma apeleke salamu kuwa amefika mtu kutoka Hijazi. Mtumishi akarudi na sahani ya tambuu na popoo. Akampa mgeni majani kumi na popoo kidogo, akampa Kadhi mfano wake, na kilichobaki akawagawia masahibu wa mgeni na wanafunzi wa Kadhi. Kisha akawamiminia mgeni na Kadhi marashi ya waridi ya Dameski, akaeleza kuwa Sultani ameamuru mgeni afikie katika nyumba ya wanafunzi. Nyumba hiyo ilijengwa makusudi kwa ajili ya kuwakirimu wanafunzi wa elimu. Ilikuwa karibu na nyumba ya Sultani, imetandikwa na ina kila kinachohitajika. Kadhi akamshika mkono akampeleka.

Chakula nacho kikaja kutoka nyumba ya Sultani, kikifuatana na mmoja wa mawaziri wake aliyekabidhiwa kazi ya wageni, naye akafikisha salamu na maneno ya kumkaribisha. Mgeni amekitaja chakula chenyewe: wali uliopikwa kwa samli katika chano kikubwa cha mbao, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji wa pwani atakiona chakula cha nyumbani kwao humo. Mgeni wetu akaongeza kuwa mtu mmoja wa mji ule hula sawa na kundi la watu wa kwao, na kwamba wamenenepa sana. Tunamuombea msamaha. Mgeni aliyelishwa hahesabu matonge ya mwenyeji wake, na adabu hiyo nayo imo katika vitabu.

Akakaa siku tatu, chakula kikiletwa mara tatu kwa siku. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo tukihesabu kurudi nyuma alishuka siku ya Jumanne. Asubuhi hiyo ya Ijumaa Kadhi, wanafunzi na waziri wakamletea mavazi: shuka ya kujifunga kiunoni badala ya suruali, mfano wa kikoi chetu, pamoja na kanzu, joho na kilemba cha Misri. Akaenda msikitini akiwa amevaa kama wao. Baada ya Swala Sultani akamsalimia, akazungumza na Kadhi kwa lugha yao, kisha akamkaribisha mgeni kwa Kiarabu.

MAS-ALA MAWILI YA FIQHI

Mas-ala ya kwanza ni haki ya mgeni. Katika hadithi ya Abu Shurayh, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameifungamanisha takrima ya mgeni na kumuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Ameweka kipimo chake: takrima maalumu ya siku moja na usiku wake, ugeni wa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Tena amemkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji katika uzito. Siku tatu za Mogadishu, na mapokezi makubwa zaidi katika siku ya kwanza, ni hadithi hii ikitembea kwa miguu.

Wanachuoni wamekhitalifiana katika hukumu yake. Imam Layth na Imam Ahmad wamesema kumkirimu mgeni siku moja na usiku wake ni wajibu, na jamhuri wamesema ni Sunna iliyokokotezwa. Wakakhitalifiana tena: inawahusu nani? Imam Malik na Sahnun wamepokewa kuwa inawahusu watu wa mabadiya, kwa sababu msafiri akifika mjini hupata nyumba za kulala wageni na chakula sokoni. Imam Shafii amesema inawahusu wote, wa mji na wa mabadiya. Imam Nawawi ameyataja haya katika sherehe yake ya Sahih Muslim.

Sasa angalia. Ibn Battuta alikuwa Mmaliki. Kwa kauli ya imamu wake, mji mkubwa kama Mogadishu haukubebeshwa haki ile. Watu wa pwani walikuwa Mashafii, na mji wao ulikuwa na masoko ya kila kitu, na pamoja na hayo hawakumwachia mgeni sokoni ajitafutie. Waliichukua kauli nzito juu ya nafsi zao. Na wala yeye, katika habari zake zote za pwani, hakuandika neno moja la ugomvi kuhusu kudhihirisha bismillahi au mahali pa kunuti ya Alfajiri, mambo ambayo madh-hebu yake na yao yanatofautiana. Aliswali nyuma yao, akawasifu kwa dini.

Mas-ala ya pili ni ya soko. Ibn Battuta anasema kwamba mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au akimuuzia pasipo mwenyeji wake kuwepo, mauzo hayo kwao ni marduudi, hurudishwa. Mwanafunzi atauliza: je, Mtume (s.a.w.) hakukataza mkazi wa mji kumuuzia mtu wa mabadiya? Na Ibn Abbas (r.a.) hakulifasiri hilo kuwa asiwe dalali wake? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba Mashafii wameliwekea katazo hilo sharti zake: bidhaa iwe inahitajiwa na watu, mgeni awe amekuja kuiuza kwa bei ya siku ile, na mkazi amshawishi amwachie aiuze kidogo kidogo kwa bei ya juu. Sababu ni dhiki inayowapata watu wa mji. Mfanyabiashara wa baharini anayehitaji wakili katika mji asiojua bei zake si picha hiyo. Desturi ya Mogadishu iko karibu zaidi na hekima ya katazo jingine, la kuwaendea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni na kujua bei, maana huko anayelindwa ni mgeni asipunjwe.

Hata hivyo tusiifanye desturi ile kuwa haina kasoro. Mwenyeji mwema alikuwa ngao kwa mgeni. Mwenyeji mwenye tamaa angeweza kuwa kamba shingoni mwake, kwa kuwa mgeni hakuwa na njia nyingine ya kuuza. Kilichoizuia ni kwamba mji ulikuwa na Kadhi, na kwamba mashauri ya sheria yalikuwa yakipelekwa kwake.

MOMBASA: USIKU MMOJA

Kutoka Mogadishu akaendelea kusini mpaka Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Ametaja ndizi, ndimu na samaki, na kwamba nafaka huletwa kutoka nje ya kisiwa. Amewasifu watu wake kuwa ni Mashafii, watu wa dini, uchamungu na wema, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi.

Katika usiku huo mmoja kitu kilichomkaa moyoni kwa miaka zaidi ya ishirini ni maji. Anasema kila mlango wa msikiti una kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye kijiti chembamba kama mpini. Watu walikuwa wakitembea pekupeku, basi anayetaka kuingia huosha miguu yake kwanza, na mlangoni kumewekwa kipande cha mkeka mnene cha kufutia miguu. Anayetaka kutawadha hukishika chombo baina ya mapaja yake akajimiminia mikononi.

Hakutaja jina la mtu hata mmoja wa Mombasa. Hakukaribishwa na Sultani, au kama alikaribishwa hakuandika. Lakini mtu asiyemjua alikuwa amechimba kisima na mwingine amefuma mkeka, kwa ajili ya mguu wa mtu yeyote atakayekuja. Huo nao ni ukarimu, tena ni ukarimu usiomuuliza mgeni jina lake. Mweke Zaila upande mmoja na Mombasa upande wa pili: miji yote miwili aliifikia kwa usiku mmoja, mmoja akaukimbia kwa uchafu na mwingine akaukumbuka kwa usafi.

KILWA: MKONO WA SULTANI

Kisha akafika Kilwa, akauhesabu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Matini yake inasema nyumba zote ni za mbao, na msomaji aliyefika Kilwa Kisiwani atashangaa, kwani mawe ya Msikiti Mkuu na ya Husuni Kubwa yangali yanaonekana. Huenda kauli hiyo ni ya nyumba za watu wa kawaida, au kalamu imeteleza. Hapa ndipo faida ya kuweka kitabu upande mmoja na ardhi upande mwingine. Maghofu hayo, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981.

Sultani wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa kuniya ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi. Jina lake limesomwa katika maandishi yaliyopatikana Husuni Kubwa, na sarafu yenye jina lake imeokotwa mbali sana na pwani, katika maghofu ya Great Zimbabwe. Ibn Battuta anaeleza kuwa Sultani huyu alikuwa akitoa khumsi ya ngawira na kuigawa katika mafungu yaliyotajwa na Qur'ani, na fungu la jamaa wa Mtume (s.a.w.) aliliweka katika hazina ya peke yake. Masharifu walimjia kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Alikuwa mnyenyekevu, akikaa na mafukara na kula nao.

Kisa alichokishuhudia ni hiki. Ijumaa moja, Sultani akitoka msikitini kwenda nyumbani, fukara wa Kiyemeni alimsimamisha akamuomba nguo alizozivaa. Sultani akakubali. Fukara akazitaka saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha nguo, akamwita fukara azichukue. Yule akazifunga kitambaani, akajitwika, akaenda zake. Watu wakamshukuru Sultani sana. Mwanawe, mrithi wa kiti, akazirudisha nguo zile kutoka kwa fukara kwa kumpa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa hatuwezi kupita kimya. Watumwa ishirini hao walikuwa watu. Ibn Battuta anasema Sultani alikuwa akiishambulia nchi ya makafiri wa bara na kuchukua ngawira, na akaliita jambo hilo jihadi. Sisi tunaosoma leo ni wazao wa pande zote mbili, wa waliokaa barazani Kilwa na wa waliotekwa huko bara. Kugawa khumsi kwa hesabu sahihi ni jambo jema, lakini sheria haiulizi tu mali imegawiwaje, huuliza pia imepatikanaje, na mashambulizi yana masharti yake ambayo maulamaa wameyaandika kwa ukali. Kitabu hakitupi ushahidi kwamba masharti hayo yalitimizwa. Ameisimulia zawadi ile kwa kusifu, wala hakueleza ni akina nani walikuwa ndani yake. Msomaji mwadilifu atausifu unyenyekevu wa Sultani, na atawakumbuka wale ishirini.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Ibn Battuta anamalizia kwa habari ya kusikitisha. Al-Hasan alipofariki, alitawala nduguye Daud, naye akawa kinyume chake. Akijiwa na muombaji alikuwa akisema kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni wakikaa kwake miezi mingi ili wapate kidogo, mpaka wakaacha kuja.

Habari hii hakuishuhudia, maana yeye alikwisha kuondoka Kilwa kwa bahari kwenda Dhofar. Tuipokee kwa kiasi hicho. Na kwa haki ya Daud tutaje kuwa historia ya Kilwa iliyoandikwa na wenyeji inasimulia kwamba aliwahi kushika nchi kwa niaba ya nduguye aliyekuwa safarini kwa elimu na Hija, kisha akamrudishia alipofika. Mtu anayerudisha ufalme si mtu duni. Pengine hazina ilikuwa tupu kweli.

Lakini hata tukimtetea Daud, somo linabaki. Mogadishu ukarimu ulikuwa katika utaratibu: kijana wa bandarini anajua la kufanya, Kadhi ana wajibu wake, nyumba ya wanafunzi imejengwa, waziri wa wageni ameteuliwa. Mombasa ukarimu ulikuwa katika kisima na mkeka. Kilwa, kwa kadiri ya alivyotusimulia, ulikuwa katika mkono wa mtu mmoja. Mkono ule ulikuwa mpana kuliko yote, na ulipolala mchangani wageni hawakuwa na pa kwenda.

TUFANYE NINI

Kwa barabara ile tuliyoitaja mwanzo huja vijana kutoka Kilwa, Lindi, Mtwara na Rufiji, na wengine huja kutoka bara, wakitafuta elimu au kazi. Baadhi yao hufika Keko, Chang'ombe au Temeke baada ya Isha, begi mkononi, na mahali pa kwanza wanapopaendea ni msikitini. Tunajua kinachofuata. Mlango umefungwa kwa hofu ya wezi, na hofu hiyo ni ya kweli. Au umefunguliwa, na swali la kwanza ni yeye ni wa kundi gani. Kama yuko mzee mmoja mkarimu, kijana atalala. Kama mzee huyo amesafiri au amefariki, atalala nje. Hiyo ndiyo hali ya Kilwa baada ya al-Hasan.

Dawa yake si kungoja mkarimu mwingine. Kamati ya msikiti inaweza kumteua mtu mmoja awe ndiye msimamizi wa wageni, anayejulikana na kila muumini. Inaweza kutenga chumba kimoja, hata kidogo, na kukiwekea wakfu. Inaweza kukubaliana juu ya siku tatu, na juu ya namna ya kumtambua mgeni: barua ya imamu wa kwao, au simu kwa jamaa zake, kama Sultani wa Mogadishu alivyotuma sambuku kuuliza kabla watu hawajashuka. Kuuliza mgeni ni nani si ubakhili. Walianza kwa kuuliza, kisha wakaleta chano. Na mgeni naye afundishwe adabu yake, asizidishe siku tatu ila kwa ridhaa, wala asitoke akayasema ya ndani ya nyumba.

Mafundi seremala wa Keko wanatengeneza vitanda vinavyopelekwa pande zote za nchi. Haiwezi kuwa tabu kwa misikiti ya hapa kupata kitanda kimoja cha mgeni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wenye majina yaliyoandikwa na waliochimba visima bila kuandikwa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuhifadhi haki ya mgeni. Wallahu a'alam.